Mgeni Tuliyemtambua Gizani

Nilipokuwa mwendesha kipindi katika televisheni moja ndogo hapa Goma, tulikuwa na mchezo wa Jumapili mchana. Mgeni aliketi mbele ya jopo la watu watatu, nao wakaitafuta kazi yake kwa maswali tu. Yeye alijibu ndiyo au hapana, basi. Jopo lilikuwa na muuguzi mcheshi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, na muzee mmoja wa Murara, mwalimu mstaafu. Sijaona tena mtu anayeuliza vizuri kama yeye. Hakuwa na haraka. Aliuliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wenyewe.

Jumapili moja alikuja mama wa Kibati. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno kwenye kamioni, yale malori ya mizigo: zile nasaha na majina ya watoto yanayopakwa rangi juu ya kioo na kwenye milango ya nyuma. Alivaa kitenge kipya. Aliniambia majirani wamejaa nyumbani kwake kumtazama moja kwa moja kwenye televisheni.

Maswali hayajafika mbali, umeme ukakatika. Jenereta likakohoa, likazimika, na matangazo yakakatika. Studio haikuwa na dirisha. Tukabaki gizani na watazamaji wetu wachache wa studio. Nikasikia kiti cha mama kikisogea.

"Basi nirudie kwangu," alisema, sauti ikimkatika.

"Kaa, mama," muzee akamwambia. "Tulikualika. Mchezo haujaisha."

Akaendelea kuuliza. "Kazi yako mutu anaweza kuisoma?"

"Ndiyo."

"Inakaa pahali pamoja?"

"Hapana."

Muzee akacheka taratibu, kama aliyekumbuka maandishi ya barabarani. "Mama, ni wewe unaandikaka kwa makamioni!"

Tulipiga makofi gizani kama watoto.

Baadaye, kwa kuwa watu wa nyumbani hawakuona kitu, mkurugenzi wa televisheni akaamua mama arudi Jumapili inayofuata, na jopo lijifanye halimjui. Wanajopo wawili wakakubali. Muzee akakataa.

"Watu wanatuamini. Siwezi kuuliza kitu ninajua."

"Sasa, muzee, tumwambie mama asirudi?" mkurugenzi akafoka.

"Arudi. Ila wale wako nyumbani ndio waulize."

Ikawa hivyo. Muzee aliwaeleza watazamaji wazi yaliyotokea, kisha jopo zima likahamia upande wa mgeni, na simu zikaanza kuingia. Mmoja alidhani ni mkunga, mwingine fundi cherehani. Kila "hapana" ya mama ilitoka kwa nguvu kuliko ile ya kwanza. Ndipo akapiga simu dereva aliyekuwa amesimama Kibumba akipakia kabichi.

"Mama, leo nimepita na kazi yako barabarani?"

Mama akamtazama muzee. Muzee akainua mabega.

"Ndiyo, labda!" akajibu, na studio nzima ikaangua kicheko.

"Basi ni wewe uliandika gari yangu! Ile ya bleu. 'Polepole, papa…'"

"'…watoto wanakungojea,'" mama akamalizia, akifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Nilipaswa kutangaza mwisho wa kipindi, lakini nilikuwa bado nikipiga makofi. Muuguzi akanisaidia kuaga.

Nje, watu walimzunguka mama, wengine wakitaka awaandikie magari yao palepale. Muzee alisimama pembeni akimshikia mkoba, bila kumharakisha, mpaka alipomaliza kusalimiana na wote.