Nilisoma hadithi ya Mama Furaha mu soko

Leo nimepata haya mbele ya soko muzima ya Nyakasanza.

Munajua kama kitabu yangu haiuzike. Librairie, maduka ya vitabu, zilikatala, na nyinyi hapa ku mtandao munaweka tu "j'aime", hamununue! Basi asubui nikapanda juu ya kiti mu soko, nikaanza kusoma kwa sauti juu watu wakuje.

Nikachagua hadithi ya mama mwenye alikimbia vita kule Bambu, mutoto wake wa kike akapotea mu njia.

Watu wakasimama. Mama moja akalia. Mu roho nikasema: leo namaliza carton muzima ya vitabu!

Nikafika ku mwisho: mutoto anarudia nyumbani, amevaa ile robe, nguo ya manjano, alipotea nayo.

Watu wakapiga mikono.

Ndipo nikamuona Mama Furaha, anauzisha mboga, nyuma ya lenga-lenga zake.

Ile hadithi ni yake. Alinielezaka ku matanga ya kaka yangu, siye wawili tukilia. Sikumuombaka ruhusa.

Na mutoto wake hakurudiaka. Mpaka leo.

Ule mwisho nilitunga miye, juu editeur mumoja, mwenye kuchapa vitabu, alisema huzuni haiuzike.

Nikashuka ku kiti. "Mama, unisamehe..."

Afazali angenipiga kofi. Akashika kitabu, yeye hajue kusoma, akasema polepole:

"Mwanangu, soma tena pale anarudia."

Nikasoma. Akaomba tena. Nikasoma tena.

Wandugu, munitukane hapa chini, ninastahili. Ila musiniulize bei ya kitabu.