Wingu Lililotupita Ipagala

Juzi fundi aliifungua mashine yetu ya gemu ya zamani, akanionyesha kidude cheusi, kidogo kama ukucha. "Hiki ndicho kilichokuwa kinakumbuka mlipofika," akasema. "Ila umeme ukikatika tu, kinasahau kila kitu." Nilicheka, jamani, halafu nikaacha ghafla. Mimi kilichosahaulika hapo nakikumbuka vizuri mno.

Tulikuwa tunaishi kwa bibi, huko Ipagala, mimi na kaka yangu. Gemu letu halikuwa na namna ya kuhifadhi. Ukizima, unaanza upya. Likizo moja tukafika mbali ambako hakuna mtoto wa mtaani kwetu aliyewahi kufika, tukaapa mashine haizimwi mpaka tumalize. Televisheni tuliizima, ila taa nyekundu ya mashine tukaificha chini ya kitambaa cha bibi cha kufuma. Siku tatu! Nilikuwa nasonga ugali wa uwele huku masikio yangu yapo sebuleni.

Tulichoogopa ni radi. Bibi akiona wingu tu, "Chomoeni nyaya zote, mtaniunguzia nyumba!" Na ulikuwa msimu wa mvua, ila mvua haionekani. Mtama wake nyuma ya nyumba ulikuwa umefika magotini, majani yameanza kujikunja. Kila jioni alitukusanya tuombe mvua. Nami, Mungu anisamehe, nilifumba macho nikaomba isinyeshe.

Siku ya tatu wingu likapanda upande wa Buigiri, jeusi tii. Bibi akatoa ndoo zote, akazipanga chini ya bati. "Leo inakuja, wajukuu zangu!" Mimi nimeganda mlangoni, nikijua akimaliza ndoo atakumbuka nyaya. Upepo ukavuma, vumbi likatujaa machoni. Tulipofumbua macho, wingu lilikuwa limepinda, linaenda zake.

"Limetupita," bibi akasema.

Nikashusha pumzi, nikatabasamu. Akageuka, akaniona.

"Unafurahia nini, mama?"

Nikaokota ndoo mbili, nikazirudisha ndani. Gemu tulilimaliza kesho yake, na mwisho wake siukumbuki hata kidogo. Mtama ulikaukia shambani.

Sasa pale shambani pamejengwa nyumba za kupangisha, na bibi ametangulia kabla sijamjibu. Siku hizi wingu likitanda, wanangu wananicheka: nachomoa kila waya bila kuambiwa, napanga ndoo chini ya bati, halafu nasimama nje mpaka tone la kwanza liniangukie usoni.