Nyasi Juu ya Marumaru

Nilipokuwa nauza karanga za kusaga sokoni Bukoba, nilipanga nyumba Bilele pamoja na wasichana wawili kutoka Mwanza, mmoja msusi, mwingine fundi cherehani. Kwenda na kurudi nyumbani kwangu Muleba kila siku miguu yangu ilikataa. Kila mmoja alitoa sehemu yake ya pesa ya dhamana, ile ambayo mwenye nyumba hukaa nayo na kukurudishia ukihama kama hujaharibu kitu. Yangu nilikwisha kuipangia kazi: mlango wa jikoni kule Muleba. Jiko langu lilifungwa kwa gunia, na mbuzi wa jirani waliingia kana kwamba nimewaalika.

Kwa hiyo wale wasichana niliwalinda kama askari. Pasi isiwekwe sakafuni. Msumari usipigwe ukutani. Msusi akimwaga dawa ya nywele, nilisimama mlangoni mpaka apige deki. Na sheria niliitunga mimi: aliyeharibu alipe peke yake. Wakaitikia, sawa Bibi, kwa ile sauti ya watu wanaotaka ukalale.

Siku ya kuhama, mwenye nyumba alisema anakuja kukagua. Kwetu mgeni wa maana hutandikiwa nyasi. Nikaamka mapema, nikazitafuta mpaka Buhembe, nikasogeza pembeni kinu changu cha kutwangia karanga, nikafunika marumaru za sebule nzima. Nikajisifu. Nilidhani mtu akikuta nyasi mbichi atatoa pesa huku anashukuru.

Mwenye nyumba akasimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi, akaziangalia muda mrefu.

"Mama, hizi zinaficha nini?"

Nikamwambia hazifichi kitu, ni heshima. Akasema heshima ameiona, sasa aone sakafu. Akazisukuma kwa kiatu mpaka akafika pale kinu kilipokuwa kinakaa. Marumaru zilikuwa zimepasuka kama ganda la yai. Wakati wote nilioishi pale kinu kilikuwa juu yake, na asubuhi ile macho yangu hayakuona kitu. Nimetwanga karanga palepale huku nawafokea wasichana wasiburute viti. Na bila nyasi zangu kinu kingebaki mahali pake, na yule baba angechungulia tu na kuwasha pikipiki yake.

Akakata gharama ya kutengeneza. Ililingana karibu kabisa na sehemu yangu. Msusi akanitazama, akasema taratibu, "Bibi, hasara tugawane. Karanga tulikula wote."

Sasa, sisi Wahaya kitu hatukipokei mara ya kwanza. Unakataa, unasihiwa, unakataa tena kidogo, ndipo unapokea huku unalalamika. Nikanyoosha shingo.

"Sheria ni sheria. Aliyeharibu alipe."

Nikasubiri kusihiwa.

"Sawa, Bibi," wakasema wote wawili, na msusi akaendelea kufunga begi lake.

Nikakohoa. Nikasema maisha ya siku hizi ni magumu. Fundi cherehani akakubali kwamba ni magumu kweli.

Nilirudi Muleba na kinu, na nyasi nilizifunga nikaja nazo, maana sikutaka kumwachia yule baba heshima ambayo hakuitaka. Nikaziweka jikoni. Mbuzi wa jirani walizimaliza kesho yake, wakiingilia palepale penye gunia.