Bima ya Baiskeli na Mkono wa Mama Mbithe

Ile jioni ya Kalundu nimejaribu kuisahau, mwanangu, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeweza, mpaka leo ulipofika hapa Nunguni na simu yako mkononi. Hata hujavua koti ukaanza kunisomea. Kampuni ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile. Baiskeli ikiibiwa ndani ya ofisi wanalipa, ikiibiwa nje ya geti hawalipi. Kufuli iwe ya aina gani? Ikizeeka italipwa kama mpya? Mke wangu akaleta muthokoi wa mahindi na maharagwe, ukapoa mezani. Ukaniuliza, "Sasa anko, nikate hiyo bima ama niwachane nayo?" na kabla sijafungua mdomo ukarudi kwa kufuli.

Nilikasirika, ndiyo. Uliniona nikitoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Lakini si wewe peke yako uliyenikasirisha. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe, ya nikiwa na miaka ishirini na minne, ikitoka kwenye mdomo wako. Kwa hivyo weka hiyo simu chini, kula, na unisikilize mpaka mwisho.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya maji, Kitui mjini. Nilikuwa nimepanga chumba ng'ambo ya mto Kalundu. Asubuhi nilipanda kilima kwa baiskeli kwenda kazini, jioni nikateremka. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, mpya, na nilikuwa nimejinyima mengi ili niipate. Niliipenda kijinga. Asubuhi niliipangusa yeye kwanza ndipo ninawe uso. Umesikia? Nimesema "yeye", kama mtu. Ndivyo nilivyokuwa.

Basi siku moja akaja ofisini wakala wa bima, mzee mtaratibu aitwaye Bwana Nzioka, mkoba wa ngozi kwapani. Alitueleza kwamba bima anazouza ni mbili. Moja ni ya baiskeli kuibiwa. Nyingine ni ya mtu utakayemwumiza ukiwa umeipanda, ili apate matibabu bila kungoja wewe uhangaike. Kuhusu ile ya kwanza nilimhoji mpaka akaomba maji ya kunywa. Wakiiba taa tu je? Wakiiba kiti? Nikimwazima rafiki, naye aibiwe? Ile ya pili sikuiuliza hata swali moja. Ni yeye aliyeirudia.

"Na ukigonga mtu?"

"Bwana Nzioka, hii ni baiskeli, si lori."

Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikunja fomu zake akasema atapita tena.

Wiki tatu, mwanangu. Wiki tatu nilizunguka Kitui nikiuliza kila mtu kama nikate bima au nisikate. Aliyeteseka zaidi ni Abdi, mwenye duka la vipuri karibu na ofisi yetu. Familia yake ilitoka Garissa, na yeye alizaliwa papo hapo Kitui, akiongea Kikamba vizuri kuliko mimi. Kila mchana niliegemea mlango wake nikianza upya, wizi, kufuli, fomu, wizi. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Ndugu yangu, kata bima ama uwache, lakini toka mlangoni, unazuia wateja. Na hizo raba za breki zimeisha. Nimekuambia juzi, nimekuambia jana. Nikubadilishie sasa hivi?"

"Mwisho wa mwezi," nikamwambia. Nikanunua mnyororo mnene ambao ungemfunga fahali, na nikaenda zangu nikijiona mtu aliyetatua jambo. Bwana Nzioka aliporudi nikamwonyesha ule mnyororo. Akautazama, akanitazama, akaaga.

Haikupita wiki. Ilikuwa siku ya soko, mwanzoni mwa Oktoba, jua bado liko juu kidogo. Nilikuwa nateremka kuelekea Kalundu, na barabara imejaa watu wanaotoka sokoni. Mama mmoja akavuka mbele yangu na kikapu cha ndengu kichwani. Alivuka polepole, kwa haki yake, maana alikuwa ameangalia na akaniona niko mbali. Nikashika breki. Nilishika kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikaendelea kama vile sijashika kitu.

Sauti ya mkono wake ukivunjika sitakuelezea.

Nitakueleza nilichofanya mimi, kwa sababu hicho ndicho kilichonifanya nitoke nje kwenda kwa ng'ombe. Niliinuka. Nikaiinua baiskeli. Nikalizungusha gurudumu la mbele, nikainama kuangalia kama limepinda. Na huku nyuma yangu, chini, ndani ya vumbi na ndengu zilizomwagika, yule mama akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imepona?"

Nikamjibu! "Imepona, mama, imekwaruzika tu."

Ndipo nikaona watu wote waliokuwa wakipiga kelele wananitazama. Nikageuka. Alikuwa ameushikilia mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na vidole vya ule wa kulia vilikuwa vimelegea, vinaning'inia.

Abdi ndiye aliyekuja na pikapu yake. Aliitwa na watu, akafunga duka siku ya soko, tukampeleka hospitalini. Njiani alizungumza na yule mama tu. Heri angenitukana.

Mama huyo aliitwa Mama Mbithe. Alikuwa mjane, ana shamba dogo upande wa kule mabondeni, na alikuwa akisuka viondo, vile vikapu vya katani. Si viondo vya kukaa nyumbani tu. Watu walitoka mbali kumwagiza. Daktari alisema mfupa umevunjika karibu na kiganja, unahitaji kuwekwa vyuma, na uwekwe upesi. Bila hivyo utaanza kushikana vibaya. Akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Sasa uelewe neno "upesi". Hospitali ilitaka pesa kwanza, na mimi sikuwa na kitu. Siku tisa nilibisha milango ya watu, na siku tisa Mama Mbithe alikaa na mkono umefungwa ubao, akingoja. Siku ya kumi nikamuuzia Abdi baiskeli. Wacha nikuambie ukweli ulio mchungu zaidi: ningeweza kuiuza siku ya pili. Nilizunguka siku zote hizo nikitafuta njia ya kumtibu huku nikibaki na baiskeli. Nikikumbuka natamani kumshika yule kijana shingo.

Mkono uliwekwa vyuma, ukapona, lakini haukunyooka. Vidole viwili havikukunjika tena. Daktari hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba umekuja ukiwa umechelewa.

Mvua ilikuwa inakaribia na shamba lake halijalimwa. Kaka yake alikuja chumbani kwangu, mzee mfupi, hakuketi hata nilipomkaribisha. Aliniuliza swali moja, "Nani atalima?" Nikasema ni mimi. Kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya kanisa nilitembea kwenda huko na jembe begani. Mama Mbithe aliketi kwenye kigoda kando ya shamba, mkono umelala mapajani, akinielekeza. Mashimo yangu ya mahindi ni mafupi. Mistari yangu imekwenda kama mlevi. Naweka mbegu nyingi mno, kwani nalisha kuku? Alikuwa mkali, na nilishukuru kwa ule ukali.

Siku moja tukipumzika nikaanza kujitetea. Nikamwambia kwamba sikuwa mzembe kabisa, kwamba nilikuwa nimefikiria mambo ya bima, nimeuliza watu, nimelinganisha, wiki tatu nzima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alikuwa na uzi wa katani mkononi, anajaribu kuusokota kwa vidole vitatu vilivyobaki, unamponyoka, anauokota.

"Wiki tatu uliifikiria baiskeli," akasema. "Mimi ulinifikiria siku gani?"

Nilichukua jembe nikarudi kulima. Ningefanya nini kingine? Nililima msimu ule na msimu uliofuata, mpaka akaniambia imetosha, niende nikaoe. Viondo hakusuka tena. Binti yake alijifunza, naye akikosea Mama Mbithe alimwonyesha kwa maneno tu.

Hiyo ndiyo hadithi, na usiniangalie hivyo, muthokoi umekwisha na bado nina la kusema.

Nisikilize vizuri. Sikuambii kwamba bima ingezuia ajali. Breki zingezuia ajali. Kabla hujajaza fomu yoyote peleka hiyo baiskeli kwa fundi, akague breki, kengele na taa, na akikuambia badilisha, badilisha siku hiyo hiyo. Halafu ukate bima, ndiyo, lakini uanze na ile ya mtu utakayemwumiza. Huko Nairobi unapita katikati ya watoto wa shule, kina mama wenye mizigo, wazee wasiosikia vizuri. Mmoja wao akianguka kwa sababu yako, apelekwe kwa daktari saa ile ile, asingoje wewe umalize kuamua unachokipenda zaidi. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi, na usichoelewa uliza. Ukibakiwa na kitu, kata na ya wizi. Usipobakiwa, iwache. Chuma unaweza kununua kingine. Na uamue wiki hii, mwanangu, usinipigie simu tena kuhusu kufuli.

Na siku ajali ikitokea, Mungu apishe mbali, iache baiskeli ilale hapo ilipoangukia, upige magoti kando ya aliye chini.

Sasa nenda, kabla gari za kwenda Salama hazijaisha. Mungu akuongoze barabarani, akupe macho ya kuona mapema na mkono mwepesi wa kupunguza mwendo. Na kila atakayevuka mbele yako, mkubwa kwa mdogo, afike kwake salama jioni, awapikie watoto wake, asijue hata jina lako.