Koo la Elkana na Laana za Jumamosi

Saa nane mchana, Alhamisi, Elkana Dadon yuko juu ya ngazi katika nyumba ambayo haijakwisha kujengwa mjini Afula, kaskazini mwa Israeli, anapiga msasa dari ya jipsamu. Vumbi limezifanya nyusi zake kuwa nyeupe kama za babu. Chini ya barakoa midomo inacheza. Anakariri sehemu ya Torati ya Jumamosi.

"Unaongea na dari tena?" fundi bomba anamtania.

"Dari hainikosoi," anajibu, sauti ikikwaruza.

Ana miaka arobaini na mmoja. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye msomaji wa sinagogi dogo la mtaani kwao. Torati husomwa kwa kuimbwa, lakini gombo lake halina irabu wala alama za wimbo, kwa hiyo vyote lazima viwe kichwani kabla ya Sabato. Akiteleza neno moja, mabenchi yote yanampigia kelele. Malipo hakuna, likizo hakuna.

"Nikimaliza sehemu moja, nyingine inanisubiri mlangoni," anasema, akifuta uso. "Nimechoka, lakini nani atasoma?"

Wakati wa joto daktari alimwonya: koo limevimba, apunguze vumbi, apunguze kusoma, la sivyo sauti itaondoka isirudi. Mzee Shimshon Azran, msimamizi wa sinagogi, aliahidi kumtafutia mwenzake. Mpaka leo anatafuta.

Mama yake, Bi Freha, anaogopa jambo jingine. Sehemu ya wiki hii, katika Kumbukumbu la Torati, ina laana ndefu kwa watakaomwasi Mungu, na ingawa kila kipande cha somo mtu mmoja huitwa kusimama kando ya msomaji, hakuna anayetaka kuitwa mbele zinaposomwa. Kila mwaka wanaume huinamia vitabu kama wanafunzi ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Elkana hujiita mwenyewe. Baba yake alifanya hivyo hivyo.

"Wenye maduka wanaogopa, wanamsukumia mwanangu," Bi Freha anasema, akikata boga la kitoweo cha kuskusi. "Mume wangu naye alianza kwa koo. Nawaambia akina mama wenzangu, ukiwa na mtoto wa kusema 'ndiyo' kila mahali, mwangalie sana. Watu watamtumia mpaka aishe."

Elkana anacheka, kicheko kinageuka kikohozi.

"Mama, laana husomwa kwa sauti ya chini, harakaharaka. Mwaka mzima ni hapo tu koo langu linapumzika."

Bi Freha hacheki.

Jumamosi, zamu ya laana ilipofika, hakuna aliyenyanyuka. Nyuma ya pazia la wanawake, Bi Freha alishindwa kuvumilia.

"Humo ndani hamna wanaume?" alipaza sauti.

Mtu mmoja alikohoa. Elkana alisema baraka, akaanza kusoma kwa kunong'ona.

Laana zilipokwisha, zilibaki aya nane za kufungia, za kusomwa kwa sauti kamili. Aliyeitwa kusimama kando yake ni Yigal Ohana, mziba matairi. Elkana alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, ikatoka hewa tu.

Mabenchini watu waliinua vichwa kutoka vitabuni.

"Soma wewe," Elkana alimnong'oneza Yigal.

"Mimi? Mimi ni mtu wa matairi!"

"Nitakutajia neno moja moja."

Yigal alimeza mate. "Haya. Leo umepata pancha, kaka. Ngoja nizibe."

Elkana alinong'ona, Yigal akatamka, akijikwaa, wimbo ukienda kombo. Safari hii hakuna aliyekosoa. Mzee Azran alikuwa anatazama sakafu.

Sasa daktari amemkataza Elkana kusema hata neno. Yuko nyumbani, anajibu watu kwa penseli juu ya vipande vya jipsamu. Jioni huja Yigal na majirani wawili kujifunza. Baada ya sikukuu za Kiyahudi za msimu huu Torati itaanza kusomwa upya, tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na mpango ni kila mmoja achukue kipande chake. Akiulizwa anatumaini nini, Elkana anaandika polepole: "Jumamosi moja nikae kwenye benchi, nisikilize."

"Na usimkosoe mtu," anasema mama yake, akiweka chai ya nanaa mezani. Kisha anawageukia wanafunzi. "Laana za mwakani je? Nani atasimama?"

Wote watatu wanainamia vitabu.

Elkana anavuta kipande cha jipsamu. Kabla hajaandika herufi ya kwanza, Bi Freha amemnyang'anya penseli.