Nyembe Mbili za Babu

Babu alikuwa na nyembe mbili za kukunja. Mmoja alipewa na mapadre wa Kashozi, enzi alipokuwa akiwanyoa wanafunzi wa misheni. Wa pili aliununua kwa askari aliyerudi kutoka vita vya Uganda. Mipini yake ya mwanzo ilipovunjika, babu alitengeneza mingine kwa pembe za ng'ombe mmoja. Tangu hapo hukuweza kuzitofautisha kwa macho. Hata herufi zilizokuwa kwenye chuma, karibu na mkia, zilikuwa zimelika.

Alinifundisha kuzitambua kwa kidole. Unaukunjua wembe, unaulaza juu ya kidole pale penye pini inayoshika chuma na mpini. Wa misheni ulitulia sawasawa, kwa sababu ndani ya mpini wake babu alificha kipande cha risasi ya kuzamishia nyavu, alichopewa na wavuvi wa visiwa vya Muleba. Risasi ilitosha wembe mmoja tu. Wa vita uliinamia upande wa makali.

"Wembe usiotulia lazima uubane," alisema, "na mkono unaobana hukata."

Ulikata kweli. Tata, baba yangu, alikuwa akichuuza samaki visiwani. Alirudi amekonda, na ule ugonjwa wa damu, wakati huo usio na dawa, tuliouita kwa jina la kitambaa cha magendo. Babu alimnyoa kwa wembe wa vita, ili wa misheni ubaki kwa wazima. Mimi nilishika beseni, nikaona maji yakibadilika rangi. Babu akaufunga wembe ule kwenye jani kavu la mgomba, akauchomeka kwenye paa la jikoni.

"Huu si wa mtu mwingine tena," akaniambia.

Babu alitangulia kufa, kwa uzee. Tata akafuata kabla mvua hazijakatika.

Asubuhi ya kunyoa matanga, mdogo wangu wa kike alikaa kigodani mbele ya nyumba, maana watoto wa marehemu huanza kunyolewa, na mdogo kabisa ndiye wa kwanza. Shangazi, aliyeolewa Buhembe na kuja kwa ajili ya msiba, akaleta kopo la babu la kuwekea nyembe na kitambaa chenye mafuta. Ndani ya kopo nyembe zote mbili ziling'aa.

"Mmoja nimeukuta huko juu kwenye moshi, nikausafisha," alisema. "Mzee alianza kusahau vitu, waitu, ndugu zangu."

Baba mkubwa akachukua mmoja bila kutazama, akaanza kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Kila ulipopita, niliutazama mpini, nisiweze kujua ni wembe upi. Mimi si msemaji. Shuleni nilikuwa najua jibu na bado nanyamaza. Lakini alimshika mdogo wangu kichwa, akakiinamisha.

"Baba mkubwa, naomba niushike."

"Wewe? Ota ndevu kwanza!"

Watu wakacheka. "Mwachie," akasema mama mmoja jirani, "labda anataka kuwa padre, ajinyoe utosi."

Baba mkubwa akanipa, akicheka bado. Nikaulaza kidoleni. Ukayumba huku na huku, usinipe jibu. Nikapiga magoti, nikaegemeza kiwiko juu ya paja, nikazuia pumzi. Ukainama polepole upande wa makali. Nikachukua wa pili. Ulitulia.

"Huu," nikasema. "Ule ndio alionyolewa nao tata."

Shangazi alitazama kitambaa mkononi mwake, kile kile alichofutia nyembe zote mbili. Akakiangusha. Akakimbilia jikoni, akarudi na birika la maji yanayochemka, akaumiminia wembe wa misheni ndani ya beseni hadi pembe ikaanza kunuka.

Baba mkubwa alinyoa taratibu, bila mzaha. Nyuma ya sikio la kushoto mdogo wangu akashtuka, na tone dogo la damu likatokea.

"Tulia, mwanangu," alisema, lakini sauti yake ndiyo haikutulia.

Wembe wa vita aliutupa chooni. Waliobaki walinyolewa kwa viwembe vipya vya dukani.

Mdogo wangu yuko darasa la tatu sasa, anaruka kamba, anagombana na kila mtu. Akisema tu kwamba hana hamu ya kula, namwambia ageuke, naangalia nyuma ya sikio lake. Hakuna kitu pale, hata kovu. Naangalia tena.