Kikapu Kwenye Foleni

Usiku kucha nilijiuliza kama mtu mwenye digrii anaweza kuacha kazi ya ualimu ili akimbie mbio za kulipwa. Kocha alitaka jibu leo. Asubuhi nilimsindikiza mama kupeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, kila mmoja na kikapu chake, na harufu ya majani yaliyoanza kupata joto kikapuni ikanirudisha utotoni.

Shangazi alikuwa akiacha kikapu chake kwenye foleni ya mizani, ananipa mtoto wake nimbebe, kisha anakimbia hadi mlima wa pili na kurudi. Akichelewa, karani wa mizani anaruka zamu yake.

"Mama mtoto, ati nani anakufukuza?" jirani yetu alimtania kila siku.

"Hakuna mtu," shangazi alijibu. "Ndiyo maana sichoki."

Siku moja karani alikifikia kikapu cha shangazi kabla hajarudi. Jirani yule yule akaanza kubishana na karani kuhusu kilo zake mwenyewe, akamchelewesha mpaka shangazi akatokea akihema. Miaka iliyofuata shangazi alikimbia mbio za kulipwa ng'ambo, akamjengea nyanya nyumba ya mawe.

Pale pale kwenye foleni nilimpigia kocha, nikamwambia naja. Kisha nikavua gambuti za shambani, nikavaa raba za kukimbilia nilizokuja nazo.

"Mama, nishikie foleni."

Mama akasogeza kikapu changu mbele kwa mguu.